Mto wa Miezi Minne

(Maelezo yaliyosomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kama yalivyotangazwa.)



Msikilizaji wetu mmoja wa Nanganga ameniletea barua ya kurasa mbili, na katika kurasa hizo mbili mna swali moja tu. Anasema alikuwa amekaa mgahawani, televisheni iko juu ukutani, akaona Wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, kila mmoja kaketi ndani ya kijichombo chembamba mithili ya ganda la mbaazi, wanateremka mto uliofurika. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita, povu linaruka, na wao wanacheka. "Sisi huku," anaandika, "maji yakiwa hayo hayo tunasimama ukingoni tunalia. Wenzetu wana dawa gani?"

Barua hii nimeisoma mara tatu. Swali lake si la mzaha, wala halijibiwi kwa kusema kwamba Wazungu wana wazimu wao. Wengine wanao, sikatai. Lakini mtu anayeuliza swali hili ana shamba ng'ambo ya mto, na hospitali anayoitegemea, ile ya Ndanda, huenda nayo iko upande asiolala. Basi juma hili nitajaribu kumjibu, na ninyi wengine mtanisikiliza.

Kijichombo kile kinaitwa kayaki. Asili yake si starehe hata kidogo. Ni chombo cha wawindaji wa kaskazini ya mbali kabisa, Greenland na Kanada, watu wa Inuit, ambao nchi yao ni barafu na miti hakuna. Waliunga mifupa na vipande vya mbao vilivyoletwa na bahari, wakavivika ngozi ya sili, wakaacha tundu moja la kukalia mtu mmoja. Mtu akishaingia, hujifunga nguo kiunoni kuziba tundu lile, ili maji yasiingie hata wimbi likimfunika. Kafi lake lina bapa mbili, huku na huku. Chombo kikipinduka, mwenye ujuzi hatoki. Hulisukuma kafi majini, akageuza kiuno, akarudi juu akiwa bado ameketi. Leo hutengenezwa kwa plastiki, lakini mambo ni yale yale.

Mtumbwi wetu ni kitu kingine. Ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi siku hizi la mwembe, maana miti mikubwa ya zamani imekuwa adimu. Ni mzito, haufunikwi, ukipinduka huurudishi kwa kiuno. Lakini una fadhila moja ambayo watu huisahau kwa kiwewe: ukijaa maji, mti wenyewe bado unaelea. Wengi waliokufa majini mtumbwi ulipopinduka waliuacha wakajaribu kuogelea ufukoni. Laiti wangeushika.

Hata hivyo dawa anayoiuliza mwenzetu haimo ndani ya chombo. Ningempa kayaki ya bei kubwa kuliko zote leo, akaingia nayo Lukuledi mwezi wa pili, ningekuwa nimempa jeneza. Tazameni vizuri wale wa kwenye televisheni. Kwanza wamevaa jaketi okozi, limefungwa mpaka juu, na kofia ngumu kichwani. Pili hawako wawili tu; kuna wenzao chini ya mto waliosimama na kamba tayari, ambao kamera haiwaonyeshi kwa sababu hawapendezi kutazama. Tatu, na hili ndilo kubwa, walikwisha kuutembea ukingo kwa miguu kabla ya kuingia majini. Walilitazama kila jiwe, wakakubaliana wapite wapi, na mahali pabaya wakatoka wakabeba vyombo vyao begani. Kicheko kile ni cha mtu aliyefanya kazi yake mapema.

Sasa niseme kidogo juu ya maji yenyewe, maana hapa ndipo tunapodanganyika. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ambayo jana yalikufika magotini ukavuka, leo yanakufika magotini vile vile lakini yanakwangusha. Kina hakikubadilika, mwendo ndio uliobadilika. Maji ya sentimeta 15 tu yakienda kwa kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimeta 60 yanabeba gari. Dereva wa basi anayewaambia abiria "hapa napajua" hupajua pakiwa pakavu.

Halafu kuna mitego mitatu ambayo wapiga kafi wa kayaki huiogopa kuliko mawimbi. Mtego wa kwanza ni mti ulioanguka mtoni. Maji hupita katikati ya matawi, mtu hapiti. Wenyewe wanaufananisha na chekeche, na mfano huo mwanamke yeyote wa Nanganga atauelewa. Mkondo humbana mtu kwenye matawi na kumshikilia hapo hata kama anajua kuogelea. Mtego wa pili ni drifti. Maji yakipita juu ya drifti na kudondoka upande wa chini, hujiviringisha yakarudi nyuma kama jiwe la kusagia, na kitu kinachoangukia hapo huzungushwa papo hapo, kikizama na kuibuka. Ukilitazama kutoka juu linaonekana tulivu kuliko mto wote. Watoto hupenda kuogelea hapo. Mtego wa tatu ni miguu yako mwenyewe: ukiangukia maji ya kasi ukajaribu kusimama, mguu huingia kati ya mawe, mkondo ukakulaza kifudifudi, na hapo kina cha kiuno kinatosha kukuua. Wanaojua hulala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole juu, wakajisogeza kwa mikono kidogo kidogo hadi pembeni. Na kama wana mtumbwi uliopinduka, hukaa upande maji yanakotoka, wasije wakabanwa kati ya gogo na mti.

Msidhani mambo haya ni elimu ya Ulaya. Nendeni Rufiji. Mpiga kafi wa Utete au wa Muhoro akitaka kuvuka mto uliojaa hakati moja kwa moja. Hupanda kwanza na ukingo, pale ambapo maji yamelegea, mpaka afike juu sana ya mahali anapokwenda. Kisha hugeuza omo kuelekea juu ya mto, kwa mshazari, akapiga kafi taratibu, na mkondo wenyewe ukamsukuma ng'ambo. Anaonekana kama anapigana na mto, kumbe anautumia. Mwalimu wa kayaki kule Jinja, Uganda, humfundisha mwanafunzi wake jambo hilo hilo siku ya kwanza, na mwanafunzi hulilipia kwa dola. Mrufiji alifundishwa na baba yake bila ada.

Na Warufiji walilazimika kujua. Mto ule hufurika ukaacha mboji, na juu ya mboji ile wao hulima kilimo chao cha mlau maji yanapopungua. Walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakakaa humo na mito ikipita chini. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalipokuja, serikali iliwahamishia wengi vijiji vya nyanda za juu, na hoja ilikuwa usalama wao. Sitaingia katika ubishi wa uhamisho ule, wazee wa Rufiji wanao wao. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyezaliwa kilometa kadhaa kutoka mtoni hakujifunza kafi kama baba yake. Aprili 2024 maji yalipozifunika tena nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, watu walihamishwa kwa boti, na mitumbwi nayo ilifanya kazi yake kama zamani.

Sisi wa kusini tunao ukumbusho mwingine wa mto ule. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilikuwa pantoni ya Ndundu au usiende. Mto ukijaa pantoni husimama, mabasi hupanga foleni pande zote mbili, na mwenye haraka humwendea mwenye mtumbwi. Mvua za mwaka 1997 na 1998, zile za El Nino, ndizo wengi wenu mnazozikumbuka. Watu walivuka na mikungu ya ndizi, na magunia, na maiti. Waliovushwa na mpiga kafi mzuri hawakumjua hata jina.

Sasa turudi Nanganga, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Kwa wasiopajua: Nanganga ni njia panda. Ukitoka Lindi au Mtwara kwenda Masasi, umepita Mtama, unafika Nanganga, na hapo kulia kwako ndipo njia ya Ruangwa inapochepuka, na ukiendelea utafika Nachingwea. Jina lenyewe liko pande mbili: kuna kata ya Nanganga wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, na kuna kata ya Nanganga wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Mto Lukuledi unapita bonde hilo, kati ya nyanda za Makonde na za Rondo, ukielekea bahari ya Lindi. Shangazi anaweza kuwa mkoa mmoja na mpwa wake mkoa mwingine, wakasikia majogoo yale yale.

Kwetu hakuna vuli na masika kama Dar es Salaam. Mvua ni moja, huanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo mto huu una nyuso mbili. Mwezi wa tisa ni mchanga, watu huuvuka na baiskeli mabegani, na anayetaka maji huchimba shimo. Mwezi wa pili unaweza kulala mchanga ukaamka bahari, na mvua yenyewe haikunyesha kwako, ilinyesha juu huko upande wa Masasi. Na Februari si mwezi wa kukaa nyumbani. Korosho zimekwisha kuuzwa, fedha zake zimekwisha kutumika, mahindi yako shambani yanahitaji palizi na nguruwe mwitu wanahitaji kufukuzwa, shule zimefunguliwa, na uchungu wa mja mzito haungoji maji yapungue.

Mto kama huu hauna mabaharia. Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa mwenye barua. Rufiji ina maji mwaka mzima, kwa hiyo ina mitumbwi mwaka mzima, na vijana wanaoshika kafi tangu wana miaka sita. Ruvuma vile vile. Lukuledi ni mto wa miezi minne. Hakuna atakayechonga mtumbwi auanike miezi minane, na kijana hajifunzi kafi mchangani. Ikifika siku ya maji, watu wanashikana mikono wakaingia, au wanakumbatia gogo, au ndoo ya plastiki iliyofungwa kifuniko. Tunafikiri mto mdogo una hatari ndogo. Mimi nasema mto mdogo wa msimu unaua kwa sababu hakuna anayeujua.

Hata wageni wakubwa walishindwa kuzisoma kalenda za mito yetu. Dkt. Livingstone aliingia mdomo wa Ruvuma mapema mwaka 1861 na meli ya moshi ikiitwa Pioneer, akitafuta njia ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita kwa Wareno wa Zambezi. Akaenda kama maili 30, akaona maji yanapungua, akageuza meli isije ikakwama mchangani. Mwaka uliofuata, Septemba 1862, alirudi na mashua ndogo, yaani wakati wa kiangazi, akakokota juu ya mafungu ya mchanga hadi mawe yakamzuia. Mara moja alichelewa, mara ya pili alikuja wakati mto umelala. Mvuvi yeyote wa Ruvuma angemwambia.

Kuna habari nyingine ambayo sina budi kuisema, ili vijana walioiona televisheni ile wasikimbilie majini. Alikuwako Mwafrika Kusini mmoja, Hendri Coetzee, aliyekuwa akiishi Jinja. Mwaka 2004 aliongoza safari ya vyombo kutoka Ziwa Viktoria hadi bahari ya Mediterania kwa mto Nile, zaidi ya kilometa 6,000, amepita maporomoko ambayo ukiyatazama tu unashika kichwa. Desemba 2010 alikuwa Kongo ya mashariki na Wamarekani wawili, kila mtu na kayaki yake, katika mto Lukuga, ule unaotoka Ziwa Tanganyika pale Kalemie. Tarehe 7 walikuwa wanapiga kafi wakiwa karibu karibu. Mamba alitokea nyuma akamvuta yeye pamoja na chombo chake. Wenzake hawakumwona tena. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Angalieni: maporomoko hayakumuua. Mto ukijaa, mamba naye hupata nafasi ya kutembea. Huacha kina chake cha kawaida akaingia mashamba yaliyofunikwa, na mama anayechota maji mahali alipochota miaka kumi hujikuta ana jirani mpya. Nao viboko hupanda vivyo hivyo. Hakuna jaketi okozi la mamba. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya kuvuka maji yaliyojaa, neno la kwanza ni usivuke. Ngoja. Mto wa msimu una tabia moja nzuri, kama ulivyopanda haraka, hushuka haraka. Mara nyingi ni suala la saa kadhaa au siku moja. Chomeka kijiti ukingoni, tazama maji yanakiacha au yanakimeza. Bibi zetu walifanya hivyo bila diploma.

Lakini kuna wasioweza kungoja, na sipendi maelezo yanayoishia kwenye "wananchi wanashauriwa". Mwananchi mwenye mgonjwa ameshauriwa vya kutosha. Barabara zetu na madaraja yametengenezwa, na ile ya Nanganga kwenda Ruangwa ni moja ya hizo, nani asiyefurahi? Ila daraja liko barabarani, na shamba haliko barabarani. Na hata barabara kuu si hirizi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zake, barabara ya Dar es Salaam ilikatika wilayani Kilwa, pale Somanga na sehemu nyingine, na kusini yote ikakaa siku kadhaa ikingoja mawe na vifusi. Ikiwa barabara ya lami yenye wahandisi inakatika, kijiji kisicho na hata kafi moja kitafanya nini?

Ningekuwa diwani wa Nanganga, ya Ruangwa au ya Masasi, nisingeomba helikopta. Ningeomba mtumbwi mmoja mzuri, uwekwe kivulini nyuma ya ofisi ya kijiji, umwagiwe maji kila juma kiangazi chote usipasuke. Makafi manne na upondo. Jaketi okozi kumi, zenye filimbi, zisifungiwe stoo ya mtendaji ambaye ufunguo wake uko Ruangwa mjini. Kamba ndefu inayoelea. Na kabla ya haya yote ningeomba watu wawili wa Rufiji, wazee wenye mikono migumu, waje wakae mwezi mmoja wakati maji yanaanza, wawafundishe vijana sita. Vijana hao wajue mahali pawili au patatu pa kuvukia, na mahali ambapo hapavukwi kwa fedha yoyote, na hapo pawekwe nguzo nyekundu. TASAC ndio wenye kanuni za vyombo vidogo na idadi ya abiria, wanaweza kuombwa waje waone. Watu sita kwenye mtumbwi wa watu sita, si kumi na mbili na mbuzi.

Najua nitakaloambiwa. Nitaambiwa fedha hakuna, na kwamba chombo cha miezi minne ni anasa. Mbona gari la zimamoto nalo hukaa siku nyingi bila moto? Wengine watasema ukiweka mtumbwi watu watavuka hovyo. Hoja hii ina uzito kidogo, siidharau. Ila watu wanavuka sasa hivi, bila mtumbwi, na tofauti iliyopo ni nani anayehesabu kichwa wanapotoka upande wa pili.

Juu ya kayaki zenyewe, mwenye barua alimalizia kwa kuuliza kama vijana wa kwetu wangeweza kujifunza mchezo ule. Kwa nini wasiweze? Jinja vijana waliozaliwa ukingoni mwa Nile walianza kwa kubebea wageni mizigo, leo wengine ni waalimu wa wageni hao hao na wamekwenda nje kushindana. Na wao walipata pigo lao: maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme lililokamilika mwaka 2012, ikabidi kazi ihamie chini zaidi ya mto. Lukuledi sidhani kama utaleta watalii, una miti mingi mno na msimu mfupi mno. Lakini kijana aliyejifunza kurudi juu baada ya kupinduka, kulala chali majini, kusoma mkondo kabla ya kuingia, huyo ningependa awe ndani ya mtumbwi ule wa kijiji, mbele, omoni.

Basi ndugu yangu wa Nanganga, hilo ndilo jibu nililo nalo. Nawaomba wasikilizaji wa Utete, Muhoro na Ikwiriri wanaojua bei ya mtumbwi wa watu sita, wa mwembe, uliokauka vizuri, waniandikie kupitia sanduku letu lile lile. Bei nitakayoletewa nitaisoma hapa hapa juma litakalofuata, na gharama za kuusafirisha kwa lori hadi Nanganga.